Makopa Mekundu

Lami ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukauka, na hilo ndilo lililotuponza. Mto ulikuwa umevamia mashamba, tukang'oa mihogo kabla haijaoza, tukaimenya na kuikatakata, kisha tukakosa pa kuianika. Nyua zote za bondeni zilikuwa matope matupu. Barabara ya kutoka Tororo kwenda Busia, iliyokuwa imezama pamoja nasi, iliibuka imeoshwa, nyeusi, ina joto. Nani angeikataa? Kila nyumba ilichukua kipande chake cha ukingo, ikatandika magunia na kumwaga makopa, vile vipande vya muhogo wa kukausha.

Shangazi yangu, aliyenilea, alikaa kwenye kigoda kulinda yake. Hapo yakaanza madoa. Kila lori lilipopita kuelekea mpakani, makopa yake yaliingia matone madogo ya udongo mwekundu. Aliyafuta kwa kanga, lori jingine likapita, madoa yakarudi. Akamgeukia rafiki yake, jirani yetu anayefuga bata.

"Bata yako inatembea juu ya muhogo yangu!"

"Bata yangu nimefungia kwa jikoni, dada. Enda uone."

Shangazi hakwenda kuona. Alikuwa na kiburi cha watu wanaojua kuanika, nami nimekirithi. Makopa meupe kwake yalikuwa heshima ya nyumba. Walirushiana maneno mpaka wakanuniana, wale waliozoea kupeana moto na chumvi bila kuulizana.

Sasa najua ulikuwa udongo gani. Maji yaliyotuama pande zote mbili yalikuwa yamepenya chini ya lami na kulowesha moramu, ule udongo mwekundu unaoibeba barabara, hadi ukawa uji. Lami ilibaki juu kama ukoko. Gurudumu likikanyaga, uji ulikamuliwa ukaruka kupitia nyufa, na kila mara barabara ilibaki na uwazi zaidi tumboni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Sisi tulikuwa tunagombania bata.

Alasiri lori la saruji lilipisha jingine, likasogea ukingoni karibu na shangazi. Halikumgusa. Ilisikika sauti kama ya mtu anayevuta pumzi, lami ikainama, na kigoda, magunia na shangazi vikazama. Lori lilizama gurudumu tu, dereva akatoka mzima. Jirani ndiye aliyefika wa kwanza, akajitupa kifudifudi na kuingiza mikono kwenye maji mekundu. Alishika kanga tu. Shangazi tulimtoa baadaye, amekwisha kufa.

Pale pamezibwa mara nyingi. Wanamwaga moramu, wanaishindilia, wanapaka lami mpya. Mafuriko yakirudi, kiraka kinabonyea palepale, upana wa mtu aliyeketi. Nakichukia kiraka kile. Nikipita hapo nakanyaga majani ya pembeni, na bado naisikia ile pumzi, hata kiangazi.

Jirani amejiwekea desturi yake. Maji yakipungua, kabla mtu yeyote hajaanika, huja na konzi ya unga wa muhogo, akaunyunyiza juu ya nyufa, kisha tunasimama mbali kungoja lori. Unga ukibaki mweupe, watu hutandika magunia. Ukiingia wekundu, tunaiacha mihogo ioze na tunalala njaa kwa adabu.

Msimu huu lori lilipita na unga ukatapakaa madoa. Wanawake wakakunja magunia yao, wakaondoka. Nilimshika jirani mkono nikamwambia, "Twende, mama." Hakunisikia. Amezeeka sasa, na hajawahi kuniuliza kama shangazi alimsamehe, kwa sababu anajua hapakuwa na muda. Alikuwa amesimama kwenye majani, akikitazama kile kiraka, na akasema kwa sauti ya chini, kama anayemsihi mtu aliyenuna:

"Umeona sasa, dada? Ni barabara. Bata yangu ilikuwa kwa jikoni."