Mama Aliyekohoa Kwenye Santuri

Enzi zetu, nyumba nzima ilisikiliza kitu kimoja. Kwetu Tukuyu, Jumapili baada ya kanisa, tukishakula kande na maziwa ya mgando, baba alifungua gramafoni aliyoachiwa na daktari wa misheni. Tulikaa mkekani, watoto wanne, tumebanana kwa baridi. Mvua ikipiga bati tulisubiri ipungue, maana ilimeza muziki wote.

Santuri zilikuwa za okestra ya Ulaya, zilizorekodiwa ukumbini, mbele ya watu, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kiongozi wa okestra hiyo baba alimwita “Mzee” tu, kana kwamba ni jirani. Na baba huyo, mwalimu ambaye darasani hakucheka hata siku moja, alishika mwiko akatuongoza. Mimi nilikuwa fidla. Kaka Ambakisye alikuwa ngoma, kwa kuwa sufuria aliikamata yeye.

Kulikuwa na mahali muziki unashuka, karibu unyamaze, halafu mama mmoja kati ya wasikilizaji wa kule ukumbini anakohoa. Baba aliinua mwiko.

“Mnamsikia? Nje mabomu, yeye kaja kusikiliza muziki. Sijui kama alifika nyumbani.”

Sisi tulicheka, tukamwigiza. Mama yetu alikuwa ameshazikwa. Baba hakumtaja kamwe. Huyu wa kwenye santuri alimtaja kila Jumapili.

Sasa naishi Guangzhou, China, nanunua nguo soko la Shahe na kuzituma Dar, kwa kaka Ambakisye. Majuzi binti yake, Tusa, alikuja kujifunza biashara. Vijana wa leo! Anakula na spika masikioni, analala nazo. Tuko chumba kimoja, chakula kikiiva namtumia meseji. Nilipomsimulia zile santuri, alibonyeza simu mara moja.

“Shangazi, si hizi?”

Akanipa spika moja ya sikio. Alikuwa Mzee mwenyewe! Nikasubiri. Muziki ukashuka, ukashuka, ukapita. Hakuna aliyekohoa.

“Wamesafisha, shangazi. Makelele yote wametoa.”

Alitafuta ile ya zamani mpaka akachoka, hakuipata.

Aliporudi Dar, nikampigia kaka. Nikamwambia yule mama wamemtoa.

“Mama gani?” akauliza. Kisha akataka kujua kama jinzi za viwanda vya Xintang zimeshapakiwa. Nikamjibu zimepakiwa.

Zamani santuri moja ilitutosha watu watano. Leo muziki wa dunia nzima uko mfukoni mwangu, na sina hata mtu wa kumwambia anyamaze tusikilize.