Mgambo aliniuliza nimekuja na watoto wangapi, nikamjibu mmoja

Admin, jina langu nakuachia wewe peke yako. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, mjane, naishi wilaya ya Muleba. Anayeniandikia kwenye simu ni jirani yangu, maana wajukuu zangu ndio wa mwisho ninaotaka walijue jambo hili. Mtakaonitukana tukaneni tu, nimestahili.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Nilikuwa na binti wa miaka saba, na kwa mama yangu alikuwepo Deo (si jina lake), mtoto wa marehemu dada yangu, miaka mitano. Tukasikia kwamba sikukuu ya Saba Saba, Bukoba mjini, kutakuwa na bembea za kuzunguka na farasi wa mbao wanaopandwa na watoto. Binti yangu akawa halali kwa furaha. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi akaniandikia barua ya safari, maana bila barua gesti hawakukupokea: jina langu, na mtoto mmoja. Asubuhi ya kuondoka mama akaniletea Deo ameshaogeshwa. "Nenda naye waitu, tafadhali, mtoto hana mama." Balozi alikuwa ameshaenda shambani. Nikamchukua hivyo hivyo.

Gesti za karibu na uwanja wa sherehe zilijaa, tukapata chumba mbali kidogo, mtaa wa Bakoba. Kesho yake saa mbili asubuhi tukatoka kwa miguu, mtoto mmoja kila mkono. Sasa niwaeleze kuhusu nguo. Mwaka ule duka la kijiji lilipata jora moja tu la kitambaa, bluu yenye vidoa vyeupe, na vijiji vingine walipata hicho hicho. Nusu ya watoto barabarani walikuwa vidoa vitupu, na wangu wawili pia. Mimi nikaona inapendeza kweli. Ujinga wangu.

Tulipofika daraja la Kanoni likaja lori la wacheza ngoma, watu wakasukumana kulipisha. Nilimwachia Deo. Nasema ukweli leo: nilimwachia ili nimvute binti yangu kwa mikono miwili. Lori lilipopita nikapapasa, nikapata mkono mdogo, nikaona vidoa, nikaushika tukaenda. Kwetu mtoto hakufundishwa kubishana na mtu mzima aliyemshika mkono, anafuata tu. Getini ndipo nikatazama chini. Hakuwa Deo.

Kabla sijafungua mdomo mama wa yule mtoto alikuwa ameshanikamata kanga. "Chinjachinja huyu! Anaiba mwanangu!" Wazee wenzangu mnakumbuka uvumi wa chinjachinja, watu waliosemekana kunyonya damu za watoto, na mnajua aliyeitwa hivyo alifanywa nini. Watu wakanizunguka, mmoja ameshika jiwe. Akaja mgambo, akasoma barua yangu taratibu, akaniuliza, "Umekuja na watoto wangapi?"

Barua inasema mmoja. Nikisema wawili, mimi ni mwongo niliyeshika mtoto wa mtu. Nilihisi mkojo unanitoka.

"Mmoja, afande. Huyu wa kike. Nimebabaika na umati, nisamehe." Binti yangu akaniangalia usoni. Nikamfinya mkono anyamaze.

Waliniachia. Lakini sasa ningemuuliza nani kama ameona mtoto wa kiume? Kipaza sauti kilikuwa kinatangaza watoto waliopotea, nami nakipita kama hakinihusu, huku mgambo ananifuata kwa macho. Nilizunguka bembea zile, kila nguo ya vidoa naiinamia. Nilimwomba Mungu achukue chochote changu. Saa saba mchana nikarudi darajani, nikasikia kilio chini. Deo alikuwa ameangukia kwenye matete wakati wa lori, maji kiunoni, ameng'ang'ania majani mpaka vidole vimekatika ngozi. Nikashuka na nguo zangu nikamtoa.

"Mae, mama yangu, usinipige," akasema, "kiatu kimekwenda na maji."

Kijijini nilisema mtoto ameanguka nikajitosa mtoni palepale. Nikasifiwa hata kanisani. Baadaye nilimlea mimi mwenyewe; Deo amekua na habari hiyo, na mpaka leo kila mgeni anaambiwa, "Mama huyu alijitupa majini kwa ajili yangu." Nyumba ninayolala alinijengea yeye.

Sasa Deo ameandaa safari ya Dar es Salaam na wajukuu watano, kwenye bustani ya michezo ya maji. Tutafikia gesti iliyo mbali na bustani, na asubuhi yeye atakuwa hospitalini kwa vipimo vyake. "Mama, utawapeleka wewe na dereva. Kwa kuvusha watoto kwenye umati simwamini mtu mwingine." Nilikata simu.

Binti yangu, ambaye wawili kati ya hao ni wanawe, akanipigia Jumapili. Hajawahi kuligusa jambo hili tangu siku ile, nikadhani amelisahau. "Mama, nimenyamaza miaka yote kwa kukuheshimu, lakini hawa ni wanangu. Hawatoki gesti wakiwa mikononi mwako mpaka Deo ajue ulichomjibu yule mgambo. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Naogopa, ndugu zangu. Siku ile niliogopa mawe ya watu nisiowajua, sasa namwogopa mtoto niliyemlea. Akijua kwamba nilimkana yuko majini, ataniita nani? Na nikisingizia ugonjwa nibaki nyumbani, binti yangu atasema hata hivyo, nami sipo kujitetea. Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje, nimwambie au nife nayo? Nijibuni upesi, maana Deo anakuja kunichukua Jumamosi, na jana alipiga simu kuniuliza kama ningependa kukaa dirishani.