Anayekohoa Banda la Tano

Watu wa mazizini humwita muuguzi wetu Mama Sikio, tena kwa kicheko. Kabla ya kumpa mtoto wa farasi maziwa, hupiga magoti kwenye majani makavu, akaweka sikio ubavuni mwa mgonjwa, akanyamaza. Kila baada ya saa mbili, kila mgonjwa. Nilipofika pale na cheti changu cha udaktari wa mifugo kikiwa bado kinanukia wino, nami nilicheka.

Baadaye aliniambia mwenyewe anasikiliza nini, huku akifua taulo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alimuuguza mtoto wa farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Alilala ubavu kutwa nzima akinyonya hewa. Huruma ikamzidi nguvu Mama Sikio, akamtia chupa mdomoni vilevile alivyolala. Mtoto akanywa yote. Kidogo kilikwenda tumboni. Kilichobaki kilikwenda mapafuni.

"Alikunywa kwa raha, mwanangu," aliniambia. "Hilo ndilo lisilonitoka. Mkia ulikuwa unacheza."

Kifua kilitokota kama chungu siku tatu, katika banda la tano, kisha kikanyamaza. Tangu hapo banda hilo liliwekwa magunia na mafagio tu. Lakini mvua kubwa zilipokuja mabanda mengine yalivuja, na mtoto mweusi aliyezaliwa dhaifu akalazwa mlemle. Mama Sikio alisimama mlangoni kitambo, taulo begani, kisha akaingia polepole, kama mtu aingiaye nyumba yenye wenyewe.

Adhuhuri msimamizi alikuja na chupa mkononi.

"Mama Sikio, mtoto anakufa njaa, wewe unampigia hodi kifuani! Mpe chupa."

"Hajaweza kuinua kichwa. Atakunywa kwa mpira wa puani."

"Akizoea mpira hatanyonya tena. Daktari, hebu mwambie."

Nilichovya kidole katika maziwa, nikakitia mdomoni mwa mtoto. Ulimi ulikivuta kwa nguvu.

"Kwa kweli ananyonya, mama," nikasema.

"Kunyonya na kumeza ni ndugu, baba, lakini hawalali nyumba moja."

Msimamizi akasonya, akainama na chupa yake. Hapo mwanamke huyu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akajiketisha kati ya chupa na mtoto.

"Nimwagie mimi kwanza! Humu ndani kuna anayekohoa tayari."

Tukatazamana. Mtoto mweusi hakuwa amekohoa hata mara moja.

"Haya, kazi tunayo," msimamizi akasema, akaiacha chupa kizingitini na kwenda zake.

Mama Sikio akanionyesha pua ya mtoto. Tone la maziwa lilikuwa likichungulia tunduni. Lile langu, la kidole; hakulimeza. Chuoni niliulizwa jambo hilo kwenye mtihani wa mdomo, nikalijibu vizuri, nikapigiwa makofi.

Tulimlaza kifudifudi, gunia la majani kila upande. Mama Sikio akapitisha mpira puani taratibu, vidole vyake shingoni, upande wa kushoto, vikiufuata ukishuka kwenye koo la chakula. Ndipo akamimina, kikombe kimoja, bila haraka. Farasi akishinda mbio watu humvisha maua, na mwenye farasi hupigwa picha. Aliyeshika shingo ile siku ya kwanza hakuna anayemuuliza hata jina. Nimeyaona haya kwa macho yangu na sitayanyamazia.

Siku nne tulifanya hivyo. Ya tano, asubuhi, mtoto mweusi alisimama kwa miguu iliyopishana kama ya viti vibovu, akajikokota hadi kwa mama yake, akanyonya. Akameza. Pua ikabaki kavu. Wachunga farasi wakashangilia. Hata msimamizi alivua kofia.

"Mama Sikio, leo sikio lipumzike!" akapaza sauti.

Yeye alikuwa akiutazama mkia. Ulikuwa unacheza.

Akatoka. Nilimkuta nyuma ya banda la tano, sikio limebanwa kwenye ubao wa ukuta, macho kayafumba.

"Amepona, mama," nikamwambia.

"Huyo wenu amepona," akajibu. "Hebu nyamaza kidogo."

Kisha nikaweka sikio langu kando ya lake.