Waziri wa Kibanda cha Jescah

Hoteli ya Jescah ilikuwa nyuma ya soko la Kakamega: mabati manne juu ya nguzo sita, na mabenchi matatu, moja likiwa limeegemezwa kwenye jiwe. Kibao cha jina hakikuwepo. Aliyeiulizia aliambiwa afuate moshi. Saa sita mchana, watu wa barabara, makarani wa kaunsili na wapakizi wa malori walikuwa wameshabanana bega kwa bega, naye Jescah, mtoto wake Ayuma akiwa mgongoni, alikuwa akisonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mikono miwili kwenye sufuria kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto huyo.

Alizaliwa Chekalini, akaolewa na Philemon, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Nandi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Jescah hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijua nani ana jino bovu, akampa mboga iliyolainika. Alijua nani ametoka nyumbani kwa ugomvi, maana huyo hula bila kuangalia sahani. Na obusuma yake ilikuwa na sifa mjini: ukiila mchana, tumbo halikuulizi swali hadi jua litue.

Basi mwaka wa tatu wa Uhuru, mwezi wa sita, Waziri wa Fedha akasoma bajeti kule Nairobi. Watu wakajazana dukani penye redio. Aliyerudi kibandani na habari alikuwa Cleophas, karani wa kaunsili, kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni, kwa sababu ndiye aliyefahamu Kiingereza cha kodi. Akaeleza kwamba sukari imepanda, mafuta yamepanda, na petroli pia. Unga, aliapa, Waziri hakuutaja kabisa.

Kesho yake unga ukapanda vilevile. Mwenye mashine ya kusaga alisema mahindi hayatembei kwa miguu kutoka Likuyani, yanapanda lori, na lori linakunywa petroli. Jescah alisimama na gunia lake tupu, akafikiri, akanunua kile alichoweza.

Kibandani siku hizo hapakuwa na mazungumzo mengine. Barnaba, mpakizi wa malori mwenye mabega kama mlango, aliuliza huyo Waziri anakulanga nini. Akajibiwa kwamba anakula mkate wa siagi, ndiyo maana unga haumjui. Mwingine akasema tulipiga kura kwa tumbo tupu tukiahidiwa litajaa, sasa hata lile tupu limetiwa kodi. Walicheka, lakini Jescah aliwaona wakilamba sahani kuliko zamani.

Bei hangeweza kupandisha. Mshahara wa wale watu ulikuwa uleule, naye aliujua kama alivyojua mifuko yao ilipotoboka. Kwa hiyo akafanya alichoona ni afadhali: akapunguza kipande. Kidogo tu, upana wa kidole.

Siku ya kwanza hakuna aliyesema. Siku ya pili Barnaba aliweka sahani yake kando ya sahani ya jirani, akainama akapima kwa jicho moja. Siku ya tatu, Jescah alipopita na mboga, sauti ikatoka benchi la nyuma: "Waziri, niongezee mchuzi." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo jina likawa hilo. Waziri lete maji. Waziri, leo umetusomea bajeti gani? Jescah alitabasamu kama kawaida, lakini mkono uliogeuza mwiko ulikuwa mzito. Jina hilo, mjini siku zile, halikuwa mzaha mtupu.

Kisha wakaanza kupungua. Wengine walitafuna mahindi ya kuchoma kando ya barabara wakarudi kazini. Na soko lilikuwa na kanuni yake: kibanda kisichopika wiki mbili hupewa mtu mwingine. Jumatano akaja Navalayo, mama wa samaki, akasalimia vizuri, mulembe, mulembe, akasifu mtoto, huku akipima kwa hatua zake kutoka nguzo hadi nguzo. Jescah alihesabu hatua hizo naye. Kibanda kikienda, angerudi Chekalini kulima kwa mama yake, na moshi ule ungekuwa wa mtu mwingine.

Ijumaa walikuja wanane tu. Alikuwepo Mzee Shitanda, fundi mwashi ambaye alikuwa amejenga nusu ya kuta za mji, na ambaye hakuwahi kukosa siku hata moja. Unga uliobaki ulitoa obusuma ya watu watano. Jescah alikuwa hajaanza kukata Cleophas alipoinuka, akashika tai yake, akahutubia. Alisema kipande kinatozwa kodi jikoni kabla hakijafika mezani. Alisema serikali ya kibanda hiki haina huruma na mwananchi. Alisema angekuwa yeye, kila mtu angepata haki yake.

Watu wakapiga meza. Jescah akamsogelea, akamwekea mwiko mkononi.

"Basi kata wewe, karani. Leo wewe ndiye Waziri."

Cleophas akacheka, akatazama huku na huku, akaona hakuna mlango wa kutokea. Akakunja mikono ya shati. Kwanza akamkatia Mzee Shitanda kipande cha heshima, maana mkubwa hapunjwi. Akamkatia Barnaba kipande cha mtu aliyepakia magunia mia tangu asubuhi. Mtu wa tatu akasema yeye pia amepakia. Cleophas akamega kwa Barnaba, Barnaba akashika sahani kwa mikono miwili. Akamega kwa mzee, akaona aibu, akarudisha. Jasho likaanza kumtoka shingoni, tai ikaingia kwenye mboga. Alipomaliza sahani ya saba, kwenye sufuria hapakuwa na kitu ila ukoko.

Kisha Ayuma akacheka huko mgongoni, na kila mtu akamfuata.

"Waziri ameshinda njaa," Barnaba alisema.

Mzee Shitanda hakucheka sana. Alimtazama kijana yule aliyebaki ameshika mwiko.

"Wewe angalau umekosa, mjukuu wangu," alisema. "Yule wa Nairobi alipomaliza kugawa, yeye alikosa?"

Mzee akainua kipande chake chote akakirudisha katikati ya meza. Akasema kwao, kabla ya hoteli hizi za sahani, hakuna mwanamume aliyekatiwa obusuma kama mgonjwa. Barnaba alivuta pumzi ndefu, naye akarudisha chake. Wengine wakafuata. Jescah akaelewa upesi kuliko wote: akaleta kikapu chake, kile cha nyumbani, akalipanga lile donge upya, bakuli la mboga likakaa kando. Wakala kama walivyolelewa. Mkubwa akamega kwanza, wengine wakamfuata kwa umri, na hakuna aliyetaka kuonekana mkono wake ukienda mara mbili wa jirani ukienda mara moja. Barnaba alikula polepole kama mchumba ugenini. Wakubwa wakainuka kunawa mapema, vijana wakamalizia, na bado Cleophas alikuwa akipangusa bakuli.

Jescah alisimama jikoni akiangalia. Chakula cha watu watano kilikuwa kimewatosha wanane, na hakuna aliyepima.

Jumamosi alfajiri akapanda basi kwenda kwa mama yake, akarudi na magunia mawili ya muhogo mkavu na wimbi. Jumatatu sahani zilikaa kabatini. Kila benchi lilipata kikapu kimoja, obusuma nyeusi, nzito, ya kushikilia mbavu, kwa bei ya zamani. Yule aliyenung'unika alipewa kazi ya kugeuza donge kutoka sufuriani, na sharti lilikuwa moja: agawaye hunawa na kuanza kula wa mwisho. Manung'uniko ya kibandani yakapungua. Ya Nairobi hayakupungua hata kidogo, wala Jescah hakuona sababu yapungue.

Baada ya wiki moja mabenchi yalijaa tena. Navalayo alirudi, akaona hakuna nafasi hata ya kuweka mguu, akaketi akala. Akaondoka ameahidi kuleta samaki kila Alhamisi.

Jina la Waziri likahama. Likamkalia Cleophas, akaitwa hivyo sokoni, kazini, hata na shemeji zake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, watu walitoka tena kwenye redio nyuso zimewakunjamana. Mafuta ya taa, chumvi, sijui nini tena. Wakaketi. Ayuma, ambaye sasa alikuwa akitembea, alizunguka chini ya meza akihesabu magoti. Macho yote yakamgeukia Cleophas, aliyekuwa amesimama na mwiko.

"Waziri," Mzee Shitanda alisema, "na wewe tusomee."

Cleophas alipindua obusuma kwenye kikapu, ikakaa, mvuke ukapanda hadi kwenye mabati.

"Yangu ni fupi," alisema. "Naweni mikono."

Jescah aliinama kupuliza moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri, ili wasimwone akicheka.