Kiapo cha MaKhoza

Saida wa Tanga aliletwa Johannesburg na ndoa. Mumewe, aliyeishi uhamishoni Tanzania, alirudi naye kwao Soweto, kisha akafa na kumwachia urithi mnono: nyumba ya vyumba vitatu na mama yake mzazi, MaKhoza, aliyepooza upande mmoja.

Kila alfajiri Saida humwogesha mama mkwe, humlisha uji, kisha humkabidhi kwa Brightness, mlezi wa kulipwa, na kukimbilia kazini Randburg kuwapikia watu wa ofisi. Mshahara wa Brightness hutoka kwenye kodi anayorudishiwa Saida kwa kumtunza mgonjwa. Bila hiyo, hakuna Brightness.

Mwaka huu alijaza fomu kwenye simu, akaituma, na mfumo ukamjibu papo hapo kwa heshima zote: mtegemezi huyu ameshaandikwa na mlipakodi mwingine. Jina haukulitaja, maana mfumo una adabu. Lakini MaKhoza amebakiwa na mtoto mmoja tu, Sipho, ambaye huja kila Krismasi na keki, akapiga picha na mama, akaondoka kabla keki haijakatwa.

"Eish, shemeji," Sipho alisema kwenye simu. "Fomu zangu anajaza mhasibu. Mimi sijui kitu."

Watu wa kodi wakataka kiapo cha mtegemezi mwenyewe, na huku Afrika Kusini viapo huapwa kituo cha polisi. Saida akamsukuma mama mkwe kwenye kiti cha magurudumu, wakapanga foleni nyuma ya bwana aliyeibiwa simu.

"Bibi, nani anakutunza?" askari akauliza.

MaKhoza, uji wa Saida ungali kidevuni, akajinyoosha. "Mwanangu Sipho. Kijana mwema sana."

Askari akagonga muhuri kwa furaha.

"Mama, na mimi je?" Saida aliuliza walipofika nje.

"Wewe ni makoti, mkwe wangu wa ndani, mtaa mzima unakujua. Yeye nani atamsemea?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mgongo aujuaye mkwe. Saida alikikunja kiapo kwa hasira, akakitia mkobani.

Jumamosi akafunga begi: nepi za watu wazima, dawa, gauni la kulalia. Akakodi gari, akampakia mama mkwe mpaka kwa Sipho, akampa shemeji kile kiapo mlangoni.

"Serikali imeshagonga muhuri, shemeji. Mama ni wako. Dawa ya presha saa mbili asubuhi, nepi mara nne kwa siku, na usiku umgeuze kila baada ya saa mbili."

Mama alipokwisha kuketishwa kwenye kochi, Sipho alikisoma kiapo mara mbili. Ghafla yule asiyejua kitu akawa bingwa wa fomu. Alifungua kompyuta, akamfuta mama yake kwenye orodha ya wategemezi, akaandika na barua ya kukiri kosa, mhasibu wala hakupigiwa simu.

"Sharp, shemeji. Imekwisha," akasema, akijifuta jasho.

Saida alitaka kucheka. Brightness atalipwa. Akageuka kumwita mama mkwe waondoke.

MaKhoza, kwa ule mkono wake mmoja mzima, alikuwa amekwisha kuvua viatu na kuviweka vizuri kando ya kochi. Alikuwa akiuliza atalala chumba kipi.

Sipho alitazama dirishani. Saida alipiga magoti, akaanza kumvisha mama mkwe viatu, na hakuthubutu kumtazama usoni.