Nyumba Aliyoikubali Dada

Juzi mjukuu wangu kaniletea simu nitazame ndege. Mnana dume ananing'inia kichwa chini kwenye kiota chake, anapiga mabawa na makelele, jike anakuja kukagua. "Bibi, kumbe jike ndiye anayechagua!" Kaniambia kama mtu aliyegundua jambo. Nikamrudishia simu yake. Hakuelewa hasira iliyonipanda, basi wewe niache nikueleze, maana mpaka sasa haijashuka.

Nimekulia Zombo, Kilosa. Mpunga ukianza kuweka punje, mimi na dada yangu tulishinda dunguni, juu ya jukwaa la miti, tukiamia ndege wasiule, na teo zetu za kurushia madonge ya udongo, na makopo tuliyoyafunga kamba yalie tukivuta. Mchana bibi alituletea mihogo ya kuchoma, bado ina majivu. Kando ya kijito palikuwa na mkuyu uliojaa viota, na hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu. Dume alisuka kwa majani mabichi, jike akaingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo, akaondoka zake, dada akamcheka dume. Kiota kikikauka bila kupata mwenyewe, dume alikifumua kwa mdomo wake akaanza kingine. Bibi alicheka, akasema kwa Kisagara chake kwamba ndege yule ana adabu kuliko wanaume wengi: akikataliwa hagombi, anajenga upya.

Wakati huo kijana wa ng'ambo ya kijito alikuwa anamtaka dada. Kwetu kijana alijenga kwanza, posa ikafuata. Siku moja dada akapita pale alipoanza kujenga, na ndoo kichwani, akatikisa nguzo, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Hii ikija masika wataiokota Kilosa mjini." Kesho yake kijana aling'oa nguzo zote.

Aliporudia, alitafuta miti minene na kuezeka kwa nyasi mbichi zilizonukia mpaka njiani. Dada aliingia, akasukuma kuta, akatazama paa, kisha akakaa chini sakafuni akanyoosha miguu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na wiki ile ile mshenga akaja kwa baba.

Kabla mahari haijamalizika, likaja lori na mgambo. Kila mtu ahamie kijiji cha ujamaa, tena sasa hivi. Walipita nyumba kwa nyumba wakishusha mapaa na kutia moto ili mtu asirudi nyuma. Ile ya kijana ilikuwa haijalaliwa hata usiku mmoja. Iliwaka kwa moshi mwingi, nyasi zilikuwa bado na maji.

Sitaki kudanganya, kijijini nilipata shule, na ndiyo iliyonifundisha kuandika haya. Lakini kijana alienda Kimamba kukata mkonge, tusimsikie tena. Baba, ambaye alitaka sukari na sabuni zisipungue nyumbani, akampa dada kwa msimamizi wa duka la kijiji, mtu wa umri wa baba mwenyewe.

Dada alipiga magoti. "Baba, hata nyumba yake sijaiona."

"Nyumba zote sasa ni sawa," baba akasema, "zimepangwa mstari. Utachagua nini?"

Namchukia kwa neno hilo, na amekufa, na bado namchukia. Mgambo walichoma nyasi na miti. Yeye ndiye aliyemwambia mtoto wake kwamba hakuna tena cha kuchagua. Dada alikaa na yule mtu mpaka siku dada mwenyewe alipozikwa, na sikumsikia tena akimcheka ndege.

Mwaka jana nilipita Zombo. Mkuyu umekatwa, dungu halipo, na watoto niliowauliza hawakujua kuamia ni kazi gani. Nilisimama ng'ambo ya kijito, pale ilipokuwa ile nyumba, sasa penye magugu. Mnana hubomoa kiota chake mwenyewe, tena kwa sababu kimekataliwa. Ile nyumba ilichomwa na watu wasiomjua dada, na yeye alikuwa ameshaikubali.