Chuma Kinachochelewa Kurudi

Sisi ni ukoo wa wahunzi huku Ugweno, na kwa desturi yetu mtoto wa kike haingii mahali chuma kinapofuliwa. Mambo ya chuma nayo hayazungumzwi nje ya hapo. Kaka zangu waliingia kiwandani kwa baba, wakavuta mivukuto, wakachoka, wakaenda kuendesha bodaboda. Mimi niliyekuwa na hamu nilibaki nje nikichungulia. Nilisomea kemia kwa hasira, sioni sababu ya kuficha.

Sasa mimi ni mtafiti wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Kazi yangu ni unga fulani wenye chuma, kila atomu ya chuma ikiwa imezungukwa na naitrojeni. Unga ukiwa wa baridi, elektroni za chuma hukaa mbili mbili, na rangi yake ni zambarau. Ukiupasha moto, elektroni zile hutawanyika, na unga unakuwa mweupe pe. Shida yangu ni safari ya kurudi. Ukishakuwa mweupe, haurudi zambarau kwenye joto lile lile ulilogeukia. Lazima upoe zaidi, tena zaidi sana, kana kwamba umenuna. Miaka yote hii napima huko kuchelewa kwake, na sababu yake bado inanipiga chenga.

Baba alipopata habari hizi hakunipa nafasi ya kupumua. Kila nikipiga simu: "Hicho chuma chako nitakiona lini?" Nilimwahidi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwishowe, Julai moja, nikatia kichupa kwenye pochi nikapanda basi. Tuliposimama Same jua lilikuwa limepiga upande wangu tangu Hedaru, na unga ulikuwa umeshageuka mweupe. Sikujali. Nilijua naelekea kwenye baridi ya milimani.

Jioni nikafika nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kiko wapi?"

Akakigeuza kichupa mkononi. "Mbona kama unga wa muhogo?"

Nikaona aibu, mtaalamu mzima. Nikamweleza habari ya kuchelewa, akasikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. "Alfajiri baridi ya huku inakuwa kali sana," akasema. "Tukiamka tutautazama pamoja." Lakini mimi nilikuwa nimekuja kwa siku moja tu, kwa sababu ya kikao chuoni. Nikamwachia kichupa, nikawahi haisi ya kwanza kushuka Mwanga kabla hakujapambazuka.

Simu yake ilinikuta stendi ya Same, basi likipakia abiria.

"Umerudi!" alipiga kelele. "Ni zambarau! Umegeuka nikiutazama, ukaanzia pembeni ukaingia katikati. Na mimi najua kwa nini unachelewa."

"Kwa nini, baba?"

"Hilo halisemwi kwenye simu. Rudi, uingie kiwandani nikueleze."

Uingie kiwandani. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na nililia mbele za watu. Mlango wa basi ulikuwa wazi. Ningeweza kushuka pale pale, nikageuza, saa nne niko naye. Sikushuka. Nilimwambia nitakuja Krismasi, na kikao chenyewe kiliahirishwa.

Krismasi nikawa na andiko la kusahihisha. Nikasema Pasaka. Kabla ya Pasaka kiharusi kikamshika, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote.

Wenzangu wa maabara wananifariji kwamba mzee asingekuwa na la kunieleza kuhusu elektroni. Wananiudhi. Baba alitumia maisha yake kutazama chuma kikibadilika rangi, akijua kwa macho tu lini akipige na lini akiache. Huenda angekosea. Ningependa kumsikia akikosea.

Nilipokwenda kumwona, niliwaomba kaka zangu wamtoe kitandani wamketishe kiwandani. Nikaingia nyuma yao, na hakuna aliyenizuia. Wakatuacha wawili. Nikamwekea kichupa kwenye mkono wa kushoto, nikapiga magoti mbele yake.

"Nimekuja, baba. Nieleze."

Alinielewa, naapa alinielewa. Midomo ikahangaika, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Akajaribu tena. Akaweka kichupa mapajani, akakunja ngumi, akaifungua polepole, akaikunja. Nikaanza kubahatisha: atomu zinashikana? Zinangojana? Moto unabaki ndani? Kila nilipokosea alianza upya, mpaka jasho likamtoka. Sikuweza kuvumilia kumwona vile.

"Basi, baba," nikamwambia. "Nimeelewa."

Akanitazama, kisha akatikisa kichwa kukataa.